Paladi na shaba zikutane wapi? Ulinganisho wa vichocheo vya metali mbili

Anayeanza kushughulika na vichocheo vya metali mbili (kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) huja na swali lile lile: "Nina paladi, niiongezee nini?" Nami nilianza na swali hilo. Siku hizi nikiulizwa hurudisha swali jingine: hizo metali mbili unataka zikutane wapi?

Maana ziko namna tatu. Zinaweza kuelea ndani ya kimiminika kimoja, kila moja kivyake, zikigusana pale tu zinapopishana. Zinaweza kukaa bega kwa bega kwenye uso wa kitu kigumu. Au zinaweza kufungwa ndani ya molekuli moja, umbali kati yao ukiwa umepangwa tangu mwanzo. Jozi ile ile ikibadilishiwa mahali pa kukutana hubadilika kazi kabisa, na pamoja na kazi hubadilika gharama, makosa yanayokunyemelea na ugumu wa kusafisha zao, yaani kile unachokitengeneza. Kwa hiyo nitaishika jozi moja, paladi na shaba, niipitishe sehemu zaidi ya moja, kisha nilete jozi nyingine pale ambapo hiyo haina la kutufundisha.

Chupa moja, kila metali kivyake

Mwaka 1894 mkemia wa Marekani, Francis Phillips, alieleza kwamba ethilini ikipitishwa kwenye maji yenye kloridi ya paladi, hutokea asetaldehaidi, na paladi yenyewe hushuka chini ikiwa unga mweusi:

C₂H₄ + PdCl₂ + H₂O → CH₃CHO + Pd + 2HCl

Kwa kiwanda hiyo ni hasara tupu, kwani kila molekuli ya asetaldehaidi inakula atomu nzima ya paladi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa kampuni ya Wacker, Ujerumani, waliiondoa hasara hiyo kwa kuongeza kloridi ya shaba na oksijeni:

Pd + 2CuCl₂ → PdCl₂ + 2CuCl
2CuCl + 2HCl + ½O₂ → 2CuCl₂ + H₂O

Tazama shaba ilipokaa. Ethilini haiigusi kabisa. Kazi yake ni kuinyanyua paladi iliyoanguka na kuirudisha kazini, kisha yenyewe hunyanyuliwa na oksijeni. Oksijeni ingeweza kuirudisha paladi bila msaada, ila ni taratibu mno: kabla haijaifikia, atomu za paladi zimeshajikusanya kuwa ule unga mweusi, na zikishajikusanya kuzirudisha ni shida. Shaba inashinda kwa kuwahi.

Bei ya mpango huu ni kloridi na asidi. Kimiminika cha namna hiyo hula vyombo vya kawaida, ndiyo maana sehemu za mtambo zinazoguswa nacho hutengenezwa kwa titani, na sehemu ya mazao hutoka imeungana na klorini bila kutakiwa.

Sasa chukua jozi hiyo hiyo, ndani ya chupa vilevile. Mwaka 1975 Kenkichi Sonogashira, Yasuo Tohda na Nobue Hagihara wa Japani walionyesha namna ya kuunganisha alkaini, yaani molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi-tatu, na pete ya benzini yenye iodini kwa kutumia paladi kidogo, iodidi ya shaba kidogo na amini (besi yenye naitrojeni), kwenye joto la kawaida la chumba. Safari hii shaba inagusa malighafi moja kwa moja. Inaishika alkaini kwenye bondi-tatu yake, hidrojeni ya mwishoni inalegea, amini inaichukua, na shaba inabaki imeibeba ile kaboni. Paladi nayo, upande wake, imeshajipenyeza kati ya pete na iodini. Zikipishana, shaba inakabidhi mzigo kama mkimbiaji wa kupokezana kijiti, na paladi inaziunganisha kaboni mbili. Kwa Wacker shaba ni fundi wa kumrekebisha mwenzake, kwa Sonogashira ni mbeba mzigo. Ukiyaweka mapishi mawili mezani, orodha ya metali ni moja.

Nakumbuka chupa yangu ya kwanza ya Sonogashira. Dakika za mwanzo myeyusho ulikuwa wa manjano, baadaye ukawa wa kahawia, na chumvi nyeupe ya amini ikaanza kuganda ukutani mwa chupa, dalili kwamba mmenyuko unakwenda. Lakini nilikuwa nimepitisha naitrojeni kwa dakika chache tu kabla ya kufunga. Nilipoweka tone kwenye bamba la kromatografia na kulitazama chini ya taa ya urujuanimno, nikakuta doa la pili limebanana na doa la zao langu. Zilikuwa alkaini zilizoungana zenyewe kwa zenyewe. Oksijeni iliyobaki ndani ya amini iliipa shaba kazi ambayo Carl Glaser alishaieleza tangu 1869. Madoa hayo mawili yalinichukua siku nzima kuyatenganisha. Tangu hapo napitisha naitrojeni nusu saa kamili, na shaba naitia ya mwisho.

Je, shaba ni ya lazima? Mwaka huo huo wa 1975 Richard Heck na Luigi Cassar, kila mmoja kwa njia yake, walitoa matokeo ya mmenyuko huo bila shaba, ila walihitaji joto zaidi. Na cha kufurahisha ni kwamba ukiiondoa shaba, kazi yake haiondoki. Mwaka 2018 watafiti wa Ljubljana, Slovenia, walionyesha kwamba pasipo shaba ni paladi nyingine inayoibeba alkaini na kuikabidhi kwa paladi mwenzake.

Ushauri wangu kati ya hizo mbili: tia shaba kama alkaini yako inapatikana kirahisi na una uhakika wa kuzuia hewa. Utapata kasi na utaepuka joto. Iache kama umetumia wiki tatu kuitengeneza alkaini yenyewe, kwa sababu kila inayoungana na mwenzake ni kazi yako iliyopotea. Iache pia kama molekuli yako ina azidi, yaani kikundi cha naitrojeni tatu zilizofuatana, maana shaba hiyo hiyo huunganisha azidi na alkaini kuwa pete ya triazoli kwa wepesi mkubwa.

Kinachokabidhiwa si lazima kiwe kaboni. Mwaka 2014 vikundi vya David MacMillan, Abigail Doyle na Gary Molander nchini Marekani vilionyesha iridi na nikeli zikipokezana elektroni. Iridi inameza mwanga wa buluu, inachukua elektroni kwenye malighafi moja, inaipa nikeli, na nikeli inaunganisha kaboni na kaboni. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila metali unairekebisha bila kuisumbua nyingine: badili ligandi za nikeli (molekuli zinazoishikilia metali) leo, badili mwanga kesho. Udhaifu wake unauona unapohamia kwenye chupa kubwa. Mwanga haupenyi mbali ndani ya myeyusho wenye rangi, basi katikati ya chupa ni giza na kazi hufanyika kandokando tu.

Wakati mwingine metali ya pili huja kuondoa kizuizi, basi. Katika njia ya Cativa ya kutengeneza asidi ya asetiki, iliyotangazwa na BP mwaka 1996, iridi hulemewa na iodidi isiyotaka kuondoka ili monoksidi ya kaboni iingie. Rutheni huichukua hiyo iodidi. Njia iliyotangulia ilitumia rodi peke yake na ilihitaji maji mengi ili rodi isigande, na maji hayo yalipaswa kutolewa baadaye kwa nishati nyingi. Hapo metali mbili zimeshinda moja waziwazi.

Bega kwa bega kwenye kitu kigumu

Hapa ndipo penye utamu wa fani hii, na ndipo penye mtego wake mkubwa: metali uliyoipima kwenye mizani si lazima ndiyo iliyo usoni.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la John Sinfelt na wenzake wa Exxon, lililochapishwa 1972. Walichanganya nikeli na shaba kwa viwango mbalimbali, kisha wakapima mimenyuko miwili. Wa kwanza ni kuivunja ethani kwa hidrojeni iwe methani. Wa pili ni kuitoa hidrojeni kwenye saikloheksani iwe benzini. Shaba asilimia 5 tu ilishusha kasi ya kuvunja ethani kwa takriban mara elfu moja. Kasi ya mmenyuko wa pili haikutikisika kwa kiasi hicho, ikaendelea karibu pale pale hadi shaba ilipokaribia kuijaza aloi yote.

Sababu ni mbili, na zote ni za kukaririwa. Kwanza, kuvunja bondi ya kaboni na kaboni kunahitaji atomu kadhaa za nikeli zilizopakana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Atomu ya shaba ikiingia katikati ya kundi hilo, kundi limevunjika, japo nikeli nyingi bado ipo. Kutoa hidrojeni hakuhitaji kundi kubwa hivyo. Pili, shaba hupenda kukaa juu. Nguvu inayozishika atomu zake pamoja ni ndogo kuliko ya nikeli, hivyo aloi ikipashwa moto shaba hupanda usoni na nikeli hubaki ndani. Asilimia 5 ya mizani inaweza kuwa sehemu kubwa ya uso. Ukisoma ripoti inayotaja viwango vya metali bila kusema uso ulipimwaje, isome kwa tahadhari.

Ukiusukuma mpango huo hadi mwisho unarudi kwenye paladi na shaba. Mwaka 2012 kundi la Charles Sykes wa chuo kikuu cha Tufts lilitandaza atomu chache za paladi, moja moja, kwenye uso wa shaba. Shaba pekee haiwezi kuipasua molekuli ya hidrojeni kirahisi. Paladi pekee huipasua bila taabu, lakini huishika kila kitu kwa nguvu mno na kukosa uchaguzi. Zikiwa hivyo pamoja, atomu moja ya paladi inakuwa mlango: hidrojeni inapasukia hapo, kisha atomu zake zinatambaa hadi kwenye shaba, ambayo haizibani, na huko zinaungana na asetilini au stairini kwa uchaguzi mzuri. Shaba hii hainyanyui paladi wala haibebi alkaini. Imekuwa uwanja.

Kwa anayetaka kuipa asetilini molekuli moja ya hidrojeni na kusimama hapo bila kuendelea, zipo basi njia tatu za kuituliza paladi, na nimekutana na watu wanaozichanganya. Ya kwanza ni kichocheo cha Herbert Lindlar cha 1952: paladi juu ya kabonati ya kalisi iliyolemazwa kwa risasi, mara nyingi pamoja na kwinolini. Hiyo inafaa kwenye chupa, kwa molekuli kubwa za dawa na manukato, mahali ambapo umbo la bondi-mbili linalotoka ni muhimu. Ukiichagua, panga mapema namna ya kuhakikisha risasi haivuki hadi kwenye zao. Ya pili ni paladi na fedha juu ya alumina (oksidi ya alumini), inayotumika kwenye viwanda vya ethilini, ambako gesi hupita mfululizo na asetilini hutakiwa ishuke hadi sehemu chache kwa milioni, vinginevyo itaharibu vichocheo vya kutengenezea plastiki huko mbele. Ya tatu ni hiyo ya atomu moja moja ndani ya shaba. Inanivutia kuliko zote kwa akili yake, na inatumia paladi kidogo mno, lakini atomu zilizotawanywa zina tabia ya kukusanyana au kuhama zinapokaa muda mrefu kwenye gesi na joto. Kwa kazi ya kesho asubuhi ningechukua fedha.

Jozi nyingine inayostahili kutazamwa kwa utulivu ni ya platini, kwa sababu washirika wake wawili wanashindania nafasi moja. Viwanda vya mafuta hugeuza nafta kuwa petroli yenye okteni ya juu kwenye joto la nyuzi 500 hivi, na tangu 1949 kazi hiyo imefanywa na platini juu ya alumina. Adui ni kaboni inayojijenga usoni na kuufunika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chevron ilileta platini na reni, kila moja ikiwa takriban asilimia 0.3 ya uzito. Kichocheo hicho kilidumu muda mrefu zaidi kabla ya kuhitaji kuchomwa na kusafishwa. Ila reni ikiachwa wazi huvunja molekuli ovyo na kutoa methani, basi huanza kwa kupewa salfa kidogo. Salfa huishika reni kwa nguvu, nayo reni iliyoshikwa inazigawa atomu za platini katika vikundi vidogo visivyoweza kujenga kaboni haraka. Sumu imegeuzwa kifaa.

Stani, yaani lile bati la kulehemia, hufanya ugawaji huo bila kuhitaji salfa, na huipa platini uchaguzi mzuri zaidi kwenye shinikizo dogo. Lakini kwenye shinikizo dogo kaboni hujijenga haraka. Kwa hiyo platini na stani hutumika kwenye mitambo inayokitoa kichocheo kidogo kidogo, kukisafisha na kukirudisha bila kusimamisha kazi, aina iliyoanza 1971. Ukiwa na mtambo unaosimama kila baada ya miezi kadhaa, chukua reni. Ukiwa na unaosafisha mfululizo, chukua stani. Mtambo ndio unaochagua metali, kinyume na wengi wanavyodhani.

Kobalti na molibdeni dhidi ya nikeli na molibdeni ni uchaguzi wa aina hiyo hiyo, na hapo nitapita haraka. Zote mbili huondoa salfa kwenye mafuta. Molibdeni hukaa kama vipande vyembamba vya salfidi, na kobalti au nikeli huja kukaa kwenye kingo za vipande hivyo, mahali penyewe pa kazi. Kundi la Topsøe la Denmark ndilo lililoonyesha mpangilio huo. Kobalti huondoa salfa bila kula hidrojeni nyingi. Nikeli hujaza hidrojeni kwenye pete kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inafaa kama mafuta yana naitrojeni nyingi, au salfa iliyojificha kati ya matawi ya molekuli, na kama hidrojeni ya shinikizo kubwa unayo. Bila hidrojeni hiyo, nikeli haitakufaa kitu.

Platini na rutheni kwenye seli za methanoli, zile zinazozalisha umeme kutokana na methanoli, nitazitaja kwa jambo moja. Platini huzibwa na monoksidi ya kaboni. Masahiro Watanabe na Satoshi Motoo walieleza mwaka 1975 kwamba rutheni iliyo jirani huchukua oksijeni kutoka kwenye maji kwa volti ndogo kuliko platini, na oksijeni hiyo huichoma monoksidi iliyoziba. Ujirani ndio siri yote hapo. Chembe za platini huku na za rutheni kule hazitafanya kazi hiyo vizuri. Na rutheni huyeyuka polepole kadiri seli inavyotumika, kwa hiyo ukilinganisha vichocheo vya namna hii, usilinganishe saa ya kwanza peke yake.

Ndani ya molekuli moja

Masakatsu Shibasaki na wenzake, kuanzia 1992, walitengeneza vichocheo ambavyo lanthani hukaa katikati na lithi tatu huizunguka, zote zikishikiliwa na molekuli tatu za binoli, ligandi yenye umbo la mkono wa kulia au wa kushoto. Lanthani huishika aldehaidi, lithi pamoja na oksijeni ya binoli huchukua hidrojeni kwenye naitroalkani, na kwa kuwa pande zote zimefungwa kwenye umbo moja, naitroalkani huishambulia aldehaidi kutoka upande mmoja tu. Zao hutoka likiwa la mkono mmoja, yaani moja tu kati ya maumbo mawili yanayofanana kama viganja viwili, wa kulia au wa kushoto kadiri ulivyochagua binoli.

Viumbe hai vimekuwa vikifanya hivi tangu zamani. Kimeng'enya kinachopokea oksijeni mwishoni mwa upumuaji wa seli huipokea kati ya atomu ya chuma na atomu ya shaba zilizoachana kwa takriban nusu nanomita. Kile cha bakteria wanaotwaa naitrojeni ya hewani kina kiini chenye chuma 7, molibdeni 1, salfa 9 na kaboni 1 katikati.

Nauhusudu ufundi huu wa maumbile, lakini kwa mradi unaoanza siushauri. Ukizifunga metali mbili ndani ya molekuli moja umefunga pia uwiano wake. Ukigundua kwamba shaba ilipaswa kuwa nusu ya paladi, huwezi kupunguza, unarudi kutengeneza molekuli mpya. Na nyingi huachana ndani ya myeyusho, hata ukabaki na mambo yale yale ya chupa moja bila kujua. Njia hii uifuate pale ambapo umbali na pembe kati ya metali ndivyo unavyovihitaji kweli, hasa kwa mazao ya mkono mmoja.

Uanze wapi

Jiulize metali ya pili itafanya nini, kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida. Kama jibu ni "itairudisha ya kwanza kazini", "itabeba kipande na kukikabidhi" au "itaondoa kitu kinachoziba", anza na chupa moja. Kuzungushana ndani ya kimiminika kunatosha, uwiano utaubadilisha kwa kijiko, na ndani ya wiki utakuwa umejaribu viwango kumi. Kasoro ni kwamba mwishoni una metali mbili za kuondoa kwenye zao badala ya moja, na kila moja ina ligandi zake. Ligandi za paladi zikihamia kwenye shaba, zote mbili zinaharibika. Nimeona watu wakiilaumu paladi siku nyingi kumbe shaba imemaliza fosfini, ile ligandi ya paladi.

Kama jibu ni "itaivunja mikusanyiko ya ile ya kwanza" au "itachoma uchafu uliokaa jirani", huna budi kwenda kwenye kitu kigumu, maana maneno "mkusanyiko" na "jirani" hayana maana ndani ya myeyusho. Utapata urahisi wa kuchuja na kurudia kutumia. Utalipa kwa vipimo: bila kifaa cha kuuona uso, hujui ulichotengeneza. Na kumbuka kwamba uso hubadilika kufuatana na gesi inayougusa. Paladi ndani ya aloi na fedha au shaba hupanda juu ikikutana na monoksidi ya kaboni na kuzama tena inapoondoka, kwa hiyo kipimo kilichofanywa kwenye ombwe tupu hakitoshi.

Kama huwezi kuijaza hiyo sentensi, usiongeze metali ya pili bado. Ichunguze ya kwanza, ujue hatua ipi ndiyo inayochelewesha. Hiyo ndiyo itakayokuambia jozi.

Metali usiyoialika

Limebaki jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuandikwa ukutani mwa kila maabara ya vichocheo. Pengine metali ya pili tayari imo.

Mwaka 1977 kundi la Hitosi Nozaki na Tamejiro Hiyama lilieleza namna kloridi ya kromi inavyounganisha halidi za kaboni (kaboni iliyoshikana na halojeni, mfano klorini au iodini) na aldehaidi. Mmenyuko ulipoenea kwa aina nyingine za halidi, ukaanza kuwasumbua watu: kromi ya chanzo hiki inafanya kazi, ya chanzo kile haifanyi, na hata makopo mawili ya chanzo kimoja hayafanani. Mwaka 1986 kundi la Nozaki na lile la Yoshito Kishi yalifikia jibu moja kila moja kivyake. Kilichokuwa kikifanya kazi ni nikeli iliyokuwa imechanganyika na kromi kama uchafu. Nikeli hujipenyeza kati ya kaboni na halojeni, huikabidhi kaboni kwa kromi, na kromi huipeleka kwenye aldehaidi. Siku hizi nikeli hutiwa kwa makusudi, na kwa kiasi kidogo sana, kwani ikizidi huanza kuziunganisha halidi zenyewe kwa zenyewe. Mmenyuko huo ulikuja kutumiwa kutengeneza eribulini, dawa ya saratani ya matiti.

Mwaka 2009 Stephen Buchwald na Carsten Bolm walionyesha jambo linalofanana kwa chuma: baadhi ya mimenyuko iliyosifiwa kuwa ya kloridi ya chuma ilitegemea shaba iliyokuwa ndani yake kwa sehemu chache kwa milioni. Kloridi safi zaidi ilitoa mazao machache.

Kwa hiyo kabla hujasema jozi yako inafanya kazi, andaa chupa nne siku hiyo hiyo: metali zote mbili, ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, na isiyo na metali yoyote. Kisha rudia chupa bora kwa chumvi zilizonunuliwa kwingine. Kwa vichocheo vigumu, chuja kikiwa bado moto katikati ya kazi na uone kama kimiminika kilichochujwa kinaendelea kumenyuka. Kikiendelea, metali imeyeyuka na unachokitazama ni mambo ya chupa moja, hata kama ulidhani uko kwenye uso mgumu. Na kwenye ile chupa ya nne tumia kikorogeo cha sumaku kipya, ambacho hakijawahi kukutana na paladi. Vikorogeo vya zamani huwa na mikwaruzo midogo kwenye ngozi yake nyeupe, paladi hujificha humo, na kuosha kwa kawaida hakuitoi.